Peroksaidi badala ya dizeli? Hesabu zaikataa Chiwata

WAFANYABIASHARA wadogo wa Chiwata na vijiji vingine vya Masasi na Newala, wanaotafuta njia ya kuepuka gharama za dizeli, wanashauriwa kupiga hesabu ya uniti moja ya umeme kabla ya kuweka fedha zao katika nishati yoyote mpya. Miongoni mwa nishati mbadala zinazosifiwa ni haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda, ambayo inadaiwa kuwa inaweza kuzungusha jenereta bila moshi na bila mafuta.

Dai hilo lina ukweli ndani yake. Peroksaidi kali imewahi kuendesha nyambizi na roketi, na inapotumika hutoa mvuke na oksijeni tu. Hata hivyo, ukweli wa fundi si lazima uwe faida ya mfanyabiashara. Hesabu zinaonyesha kuwa mwenye duka atahitaji takriban kilo 25 za peroksaidi ya asilimia 50 ili apate uniti moja ya umeme, wakati jenereta ndogo ya dizeli hutoa uniti hiyohiyo kwa chini ya nusu lita.

Suala hili ni la kuangaliwa kwa makini kwa sababu ya majira ya fedha katika ukanda huu. Mapato makubwa ya mwaka mzima huingia kati ya Oktoba na Januari, minada ya korosho inapofanyika na malipo kupita katika vyama vya msingi. Katika miezi hiyo ndipo mtu hununua pikipiki, huezeka bati, hufungua duka au huagiza mashine. Fedha ikipotea katika mtambo usiofaa, mwenye nayo husubiri msimu mwingine ili aanze tena.

UMEME WA KUSINI ULIVYOTOKA KWENYE DIZELI

Chiwata iko wilaya ya Masasi, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Kama ilivyo kwa vijiji vingi vya ukanda huo, shughuli zake zinazohitaji nguvu ni zilezile: kusaga nafaka, kuchomelea vyuma, kunyoa, kuchaji simu, kupoza vinywaji na kuwasha taa za duka baada ya magharibi. Jambo jingine kubwa ni maji. Udongo wa uwandani hunyonya mvua na kuipeleka chini sana, na ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde hutegemea pampu zenye nguvu kupandisha maji kutoka mabondeni. Kwa hiyo bei ya nguvu huonekana hata katika bei ya ndoo ya maji.

Kabla ya gesi asilia ya Mnazi Bay kuanza kuzalisha umeme mjini Mtwara mwaka 2007, miji ya Mtwara na Lindi ilitegemea majenereta ya dizeli. Gesi yenyewe iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka 20. Baada ya mtambo wa Mtwara kuanza, nyaya zilifika Masasi, Newala na Tandahimba, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ukaendelea kusogeza nguzo vijijini. Mwaka 2015 bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa.

Pamoja na hatua hizo, jenereta haijatoka dukani. Nguzo ikifika kitongoji kimoja, kingine hubaki kando. Na hata palipo na luku, umeme unapokatika mwenye samaki kwenye jokofu hana subira ya kungoja fundi. Ndiyo maana habari yoyote ya nishati isiyohitaji dizeli hupata masikio haraka.

PEROKSAIDI NI KITU GANI?

Haidrojeni peroksaidi ni kimiminika kinachofanana na maji, isipokuwa kila chembe yake imebeba oksijeni moja ya ziada. Kiligunduliwa na mwanakemia Mfaransa, Louis Jacques Thénard, mwaka 1818. Oksijeni hiyo ya ziada haikai kwa utulivu. Ikikutana na kichocheo, kwa mfano fedha, manganizi au hata kutu ya chuma, huachana na maji, na katika kuachana huko hutoa joto.

Wengi wanakijua bila kujua jina lake. Chupa ya famasi ya kusafishia vidonda ina peroksaidi ya asilimia 3. Ile ya saluni ya kubadilishia rangi ya nywele, iliyoandikwa namba 20, ina takriban asilimia 6. Ya viwandani, inayotumika kung'arisha vitambaa na karatasi, huuzwa mara nyingi ikiwa na asilimia 35 au 50. Ya roketi hupita asilimia 80.

Tofauti hiyo ya ukali ndiyo siri ya biashara nzima. Peroksaidi ya famasi ikimwagiwa kichocheo hupata vuguvugu tu. Ya asilimia 50 hufika kiwango cha maji kuchemka, lakini joto lake halitoshi kugeuza maji yote kuwa mvuke. Ni pale ukali unapopita takriban asilimia 65 ndipo yote hugeuka mvuke, na kwa asilimia 90 mvuke huo hupanda hadi zaidi ya nyuzi 700 za sentigredi. Mvuke wa namna hiyo ndio unaoweza kusukuma mtambo ipasavyo. Kwa hiyo, anayeona povu likitoka katika chupa ya famasi na kuambiwa kuwa hilo ndilo litakalozungusha jenereta, ameonyeshwa kitu kimoja na kuuziwa kingine.

HESABU YA UNITI MOJA

Kilo moja ya peroksaidi safi ikivunjika hutoa joto la megajuli 2.9. Kilo moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban megajuli 43. Yaani dizeli ina nguvu mara 15 kwa uzito uleule. Na kwa kuwa ya asilimia 50 ni nusu maji, kilo yake moja hutoa megajuli 1.4 tu, ambazo ni sawa na uniti 0.4 za joto.

Joto si umeme. Mtambo mdogo wa mvuke ukifanya kazi vizuri sana hugeuza sehemu moja ya kumi ya joto kuwa umeme. Hivyo kilo moja ya peroksaidi ya asilimia 50 hutoa uniti 0.04, na uniti moja huhitaji kilo 25. Jenereta ndogo ya dizeli, kwa upande wake, hula takriban lita 0.4 kwa uniti.

Lichukuliwe duka lenye jokofu, taa, redio na huduma ya kuchaji simu, linalotumia uniti 5 kwa siku. Mahitaji yake yatakuwa hivi:

Kwa dizeli: lita 2 kwa siku, au lita 60 kwa mwezi.
Kwa peroksaidi ya asilimia 50: kilo 125 kwa siku, au karibu tani 4 kwa mwezi.

Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kuwa lita ya dizeli ni sh. 3,000/-, mafuta ya uniti moja yatagharimu sh. 1,200/-. Ili peroksaidi ilingane na hapo, kilo yake isizidi sh. 48/-, ikiwa imeshafika Chiwata, pamoja na ushuru, pipa na nauli ya lori. Hakuna kemikali ya kiwandani inayoweza kuvuka bahari, kushushwa bandarini na kupanda hadi Masasi kwa bei hiyo. Msomaji anaweza kurudia hesabu hii kwa bei ya kituo chake, kwani EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Gawanya gharama ya lita 0.4 za dizeli kwa 25, na jibu ndilo bei ya juu kabisa ambayo peroksaidi inaweza kuuzwa bila kumtia hasara mnunuzi.

Anayetaka kulinganisha na umeme wa nguzo atazame bei zilizopangwa mwaka 2016: sh. 292/- kwa uniti kwa mtumiaji wa kawaida na sh. 100/- kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani, kabla ya kodi. Dizeli yenyewe tayari ni ghali mara 4 kuliko bei hiyo ya kawaida. Peroksaidi haifiki hata mlangoni.

HEWA YA CHIWATA NI BURE

Swali la haki ni hili: kama haina faida, kwa nini mataifa makubwa yaliitumia? Jibu liko katika neno moja, nalo ni hewa.

Dizeli, kuni na gesi haviwaki bila hewa. Nyambizi iliyo chini ya maji haina hewa, na roketi iliyo juu ya anga haina hewa pia. Mhandisi wa Kijerumani Hellmuth Walter aliliona hilo, na mwaka 1940 nyambizi yake ya majaribio ilikwenda kwa kasi chini ya maji kwa nguvu ya peroksaidi. Roketi za V-2 za Ujerumani zilitumia peroksaidi kuzungusha pampu zake za mafuta, na roketi za Soyuz za Urusi zilirithi utaratibu huo. Waingereza nao walijenga nyambizi mbili za majaribio, Explorer na Excalibur, katika miaka ya 1950.

Katika kazi hizo mteja alikuwa serikali, na hakuuliza bei ya uniti. Alinunua oksijeni iliyobebwa ndani ya kimiminika mahali ambapo haipatikani. Mwenye jenereta Chiwata anapata oksijeni hiyo bila malipo, usiku na mchana. Akinunua peroksaidi, analipia kwa bei ya kiwandani kitu ambacho upepo unamletea mlangoni.

Hata wanajeshi waliiacha kwa sehemu kubwa baada ya gharama nyingine kujitokeza. Mwaka 1955 topido ya peroksaidi ililipuka ndani ya nyambizi ya Uingereza, Sidon, ikiwa bandarini Portland, na watu 13 walikufa. Agosti 12, 2000, nyambizi ya Urusi Kursk ilizama na watu wote 118 waliokuwamo, baada ya mlipuko ulioanzia kwenye topido ya aina hiyo.

GESI YAZUNGUKA DUNIA KURUDI MASASI

Jambo la pili linalofichwa katika matangazo ya nishati hii ni asili yake. Peroksaidi haichimbwi wala haivunwi. Hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni kwa njia ya kemikali maalumu na kichocheo cha paladiamu, na haidrojeni hiyo kwa kawaida hutolewa katika gesi asilia.

Katika safari hiyo nishati nyingi hupotea. Haidrojeni inayohitajika kutengenezea kilo moja ya peroksaidi ina nishati ya takriban megajuli 7, na peroksaidi yenyewe ikivunjika hurudisha megajuli 2.9. Zaidi ya nusu imeshapotea kabla ya kuhesabu umeme wa kiwanda, pipa, meli na lori. Kwa lugha ya soko, ni sawa na kuuza magunia 7 ya korosho ili ununue 3.

Kwa mkazi wa Mtwara jambo hili lina uzito wa pekee. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, ndani ya mkoa wake. Gesi ikichomwa moja kwa moja katika injini hutoa umeme unaosafiri kwa waya. Kununua peroksaidi ya nje ni kununua gesi ya nchi nyingine iliyokwishapoteza nguvu zake njiani, na kuirudisha mkoani kwa mapipa.

Watafiti wapo wanaotafuta njia fupi zaidi. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, lilionyesha kuwa peroksaidi inaweza kutengenezwa kwa maji ya bahari na mwanga wa jua, kisha ikatoa umeme katika seli maalumu bila kupitia mvuke. Ni kazi ya kisayansi ya kusifiwa. Hata hivyo, sehemu ya nguvu ya jua iliyogeuka umeme katika jaribio hilo ilikuwa chini ya asilimia 1, wakati paneli ya kawaida inayouzwa madukani hugeuza asilimia 15 hadi 20 mara moja, bila kemikali katikati.

PIPA KANDO YA MAGUNIA

Usalama nao ni gharama, ingawa hauandikwi kwenye ankara. Peroksaidi ya asilimia 50 huunguza ngozi na kupofua macho. Huvunjika polepole yenyewe, na kasi huongezeka katika joto au ikiingiwa na vumbi, kutu au mchanga. Kwa kuwa hutoa oksijeni, pipa lililofungwa bila tundu la kupumulia hujaa na kupasuka. Ikimwagikia kitambaa, mbao au gunia inaweza kuwasha moto, na ikiwa kali zaidi moto huo huja haraka.

Kwa mfanyabiashara wa Masasi picha iko wazi. Ghala alilonalo ndilo hilo analowekea magunia ya korosho au ufuta. Korosho zina mafuta ndani ya ganda na magunia yake hushika moto upesi. Kuweka kando yake pipa linalotoa oksijeni ni kuhatarisha mzigo wa msimu mzima, tena mara nyingi mzigo wa watu wengine. Kuichemsha peroksaidi ya kawaida ili kuiongezea ukali, kama baadhi ya maelekezo ya mitaani yanavyoshauri, ni hatari ya kulipuka na halifai kujaribiwa.

Aidha, sheria ya mwaka 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani inamtaka anayeagiza, kuhifadhi au kuuza kemikali kusajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayeletewa mapipa bila hati hizo anapokea mali pamoja na kesi.

KINACHOSIMAMA KATIKA HESABU

Kwa matumizi ya dukani, jua ndilo linalostahili hesabu ya kwanza. Duka lililotajwa hapo juu la uniti 5 kwa siku linahitaji paneli za jumla ya wati 1,300 hadi 1,500, ikikadiriwa saa 5 za jua kali kwa siku. Gharama kubwa haiko kwenye paneli bali kwenye betri, kwa hiyo kazi inayoweza kufanyika mchana, kama kupoza vinywaji, kunyoa au kupandisha maji kwenye tangi, ifanyike mchana. Mvua za kusini, ambazo kwa kawaida huanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili, hupunguza jua. Mwenye jenereta asiiuze. Aibakize kwa siku za mawingu. Jenereta inayowaka siku chache kwa mwezi ni akiba, na inayowaka kila siku ni mzigo.

Kwa mashine ya kusaga hali ni tofauti. Injini ya dizeli inayovuta kinu kwa mkanda haipotezi nguvu katika umeme, na ni vigumu kuishinda mahali pasipo na nguzo. Mahali nguzo ilipofika, mota ya umeme huishinda kwa bei ya uniti peke yake, na mwenye mashine aanze kwa kuuliza kama laini iliyopo ni ya njia tatu.

Mali ambayo ukanda huu unayo na haihesabiwi ni ganda la korosho. Katika kila tani moja ya korosho ghafi, takriban kilo 700 ni ganda. Ganda hilo lina nishati ya megajuli zipatazo 20 kwa kilo, karibu nusu ya dizeli na mara 14 ya peroksaidi ya asilimia 50. Ndani yake mna mafuta mazito, kati ya sehemu moja ya tano na moja ya nne ya uzito wake, yanayonunuliwa na viwanda vya rangi, gundi na pedi za breki.

Lakini sehemu kubwa ya korosho za Tanzania kwa miaka mingi imeuzwa ikiwa ghafi, kwa wabanguaji wa India na Vietnam. Kwa kila tani 100 zinazopakiwa bandarini Mtwara zikiwa ghafi, tani 70 za maganda huondoka nazo. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Kwa kipimo hicho, maganda ya msimu ule mmoja yalikuwa karibu tani 220,000. Viwanda vilivyojengwa Masasi, Newala na kwingineko katika miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia vilikusudiwa kubangua hapahapa, lakini mavuno yaliposhuka katika miaka ya 1980 vingi vilisimama.

GANDA LINA MASHARTI YAKE

Ganda nalo lisipambwe kupita kiasi. Ikiwa kikundi cha ubanguaji kinabangua tani moja kwa wiki, kitapata kilo 700 za maganda. Kwa mtambo mdogo wa mvuke unaogeuza asilimia 6 tu ya nishati kuwa umeme, uniti moja itahitaji kilo 3, na maganda yote ya wiki yatatoa uniti zisizozidi 240. Hizo zingetosha maduka 6 ya uniti 5 kwa siku.

Kikwazo ni maji. Mtambo mdogo wa mvuke usiorudisha maji yake hunywa takriban lita 15 hadi 20 kwa kila uniti. Uniti 240 zitahitaji zaidi ya lita 3,500 kwa wiki, tena maji safi yasiyoacha chokaa kwenye boila. Juu ya uwanda wa Makonde maji hayo yana wenyewe na yana bei. Kikwazo cha pili ni moshi. Mafuta ya ganda yana asidi inayobabua ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua, hivyo ni vema mafuta yakamuliwe kwanza. Kuyamimina mafuta hayo mabichi katika jenereta ya dizeli si njia ya mkato, kwani huganda na kula sehemu za injini. Tatu, boila hukaguliwa na wakala wa usalama mahali pa kazi, OSHA, na gharama hiyo iwemo katika mpango.

Kwa sababu hizo, faida ya kwanza ya ganda kwa kikundi kidogo ni joto: kuchemshia korosho kabla ya kubangua na kukaushia, badala ya kununua kuni. Faida ya pili ni kuuza mafuta yake. Umeme wa mvuke hufuata pale penye kiwanda kikubwa chenye maji yake. Mifano ya nchini ipo ya mabaki ya zao kuzalisha umeme hivyo: TANWAT huko Njombe kwa mabaki ya miwati, na shamba la mkonge Hale, Tanga, ambako mtambo wa gesi ya mabaki ya mkonge wa kilowati 150 ulizinduliwa mwaka 2008. Yote miwili ilijengwa mahali ambapo mabaki yalikuwa tayari, kwa wingi na karibu.

FUNZO LA MBONO

Wawekezaji wadogo wa kusini hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa nishati iliyosifiwa kabla ya kujaribiwa. Katikati ya miaka ya 2000 mmea wa mbono ulitangazwa kuwa dizeli ya shambani inayostawi hata kwenye ardhi kavu. Kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata ardhi kubwa wilayani Kilwa, na Sun Biofuels ya Uingereza ikapata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. BioShape ilifilisika mwaka 2010, na Sun Biofuels ikasimama mwaka 2011. Wanavijiji walibaki wakidai ardhi na ajira. Mbono hutoa mafuta, hilo si uongo, ila mavuno yaliyoahidiwa hayakuonekana shambani.

Nje ya nchi mfano maarufu ni wa Stanley Meyer wa Marekani, aliyedai gari lake linakwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya jimbo la Ohio iliona kuwa amefanya ulaghai mkubwa, ikamwamuru arudishe dola 25,000 kwa wawekezaji wawili waliomshitaki. Nao walikuwa wameonyeshwa mtambo unaotoa mapovu.

Hata nishati ya kweli ina hatari ya soko. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inawaondolea leseni wazalishaji wa vijijini walio nje ya gridi wasiofikia megawati moja, na hilo liliwavuta wengi. Lakini mwaka 2020 Serikali iliagiza bei za gridi ndogo binafsi zishushwe hadi sh. 100/- kwa uniti, na kampuni zilizokuwa zikitoza mara kadhaa ya hapo zikabanwa. Anayetaka kuwauzia majirani umeme ajue kuwa nguzo ya REA ikifika, mteja atahama siku hiyohiyo.

MASWALI KABLA YA KULIPA

Kwa yeyote atakayeletewa mtambo wa nishati mpya, iwe peroksaidi au nyingine, maswali matano yanatosha kumlinda.

Kwanza, uniti moja inakula kilo au lita ngapi? Muuzaji asiyejibu kwa namba hajui mtambo wake, au anaujua kupita kiasi.

Pili, nishati hiyo inatoka wapi, na nani mwingine anaiuza? Mtambo unaolishwa na duka moja tu humfunga mnunuzi kwa bei ya duka hilo.

Tatu, upimwe kwa mita mbele ya mnunuzi, kwa siku nzima, ukibeba mzigo halisi: jokofu, taa na mota. Taa moja inayowaka dakika 10 si ushahidi.

Nne, iko wapi hati ya Mkemia Mkuu, ya TBS au ya EWURA, kwa kadiri inavyohusika?

Tano, ukiharibika wakati wa mvua, fundi na kipuri viko Masasi, Mtwara au nje ya nchi?

Kwa peroksaidi, swali la kwanza pekee linamaliza mjadala. Biashara yake halali itabaki katika famasi, saluni, hospitali na viwanda vya nguo, na huko mfanyabiashara mwenye kibali anaweza kupata faida ya kawaida. Kwa nguvu za umeme, mwenye duka la Chiwata anayemaliza msimu akiwa na akiba mkononi afuate mpangilio huu: nguzo kama imefika, jua kama haijafika, dizeli kwa dharura, na ganda la korosho kwa joto mahali panapobanguliwa.